Wasomaji Wanauliza: Je, Dawa za Sonona Zinatibu Magonjwa ya Virusi?

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja, nalo ni habari kwamba dawa ambazo kwa miaka mingi zimetolewa kwa wagonjwa wa sonona zinaweza pia kuwatibu watu walioambukizwa virusi, hasa virusi vya korona. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa majibu ya nyingine yanaitegemea.

Mheshimiwa Daktari, mwishoni mwa mwaka 2021 shemeji yangu anayeishi Minnesota alitueleza kwamba dawa iitwayo fluvoksamini, inayotumika kwa maradhi ya akili, imeonekana kupunguza ukali wa UVIKO-19, na kwamba bei yake ni ndogo sana. Baadaye habari hiyo ilipotea kabisa. Je, dawa hiyo ilifanya kazi kweli? Na kama ilifanya kazi, ilizimwa kwa sababu ni rahisi? — Msomaji wa Tanga

Ndugu msomaji, shemeji yako hakukudanganya. Alichokueleza ndicho kilichokuwa kinajulikana wakati ule, na ili ieleweke kwa nini hukumu ilibadilika, inafaa tulifuate jambo hili tangu mwanzo wake.

Fluvoksamini ni dawa ya zamani. Ilianza kuuzwa Uswisi mwaka 1983, na mwaka 1994 FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, iliiidhinisha kwa wagonjwa wanaosumbuliwa na mawazo yanayojirudia ambayo hawawezi kuyazuia. Nchi nyingine huitumia pia kwa sonona. Mwaka 2019, korona ikiwa bado haijajulikana, watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walionyesha kwamba dawa hiyo iliwakinga panya dhidi ya kifo kitokanacho na sepsisi, yaani ile hali ambayo kinga ya mwili, katika kupambana na maambukizi, hupita kiasi na kuanza kuuharibu mwili wenyewe. Janga lilipozuka, Angela Reiersen, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, aliukumbuka utafiti huo wa panya. Yeye na mwenzake Eric Lenze walifikiri hivi: ikiwa wagonjwa wengi wa UVIKO-19 huzidiwa siku kadhaa baada ya dalili kuanza, wakati kinga yao inapopita kiasi, huenda dawa inayoituliza kinga hiyo mapema ikawazuia wasifike huko. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hoja ya kisayansi iliyo safi kabisa, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaoiweka fluvoksamini katika fungu moja na dawa za uvumi.

Jaribio lao la kwanza lilikuwa dogo. Watu wazima 152 waliokuwa wakiugulia nyumbani waligawanywa kwa kura: 80 wakapata fluvoksamini, na 72 wakapata plasebo, yaani vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani, bila mgonjwa wala mtafiti kujua nani amepata nini. Katika siku 15, hakuna hata mmoja kati ya wale 80 aliyezidiwa, ilhali upande wa pili walizidiwa 6. Matokeo yalipotangazwa mwezi Novemba 2020, watafiti wenyewe walisisitiza kwamba jaribio kubwa zaidi lilihitajika kabla ya mtu yeyote kutoa hukumu.

Muda mfupi baadaye ikaja habari ya Golden Gate Fields, uwanja wa mbio za farasi huko California, ambako wafanyakazi wengi waliambukizwa kwa pamoja. Daktari David Seftel aliwapa hiari ya kuitumia dawa hiyo. 65 wakakubali na 48 wakakataa. Kati ya waliokubali hakulazwa mtu, na kati ya waliokataa walilazwa 6. Hesabu hizo zilisambaa haraka, lakini nawaomba wasomaji wazitazame kwa makini. Hapa hapakuwa na kura. Watu walijichagulia wenyewe, na mtu anayekubali dawa mpya anaweza kutofautiana na anayeikataa kwa umri, kwa afya, kwa uangalifu wa kujitunza, na kwa mambo mengine ambayo hakuna aliyeyapima. Tofauti inayoonekana mwishoni inaweza kuwa ya dawa, na inaweza kuwa ya watu wenyewe.

Kilicholifanya jambo hili kuwa kubwa ni jaribio la TOGETHER, lililofanyika Brazil, katika jimbo la Minas Gerais, chini ya Gilmar Reis na Edward Mills. Kati ya Januari na Agosti 2021, wagonjwa 741 walipewa fluvoksamini, miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 10, na wengine 756 wakapewa plasebo. Waliohitaji kuangaliwa katika kituo cha dharura kwa zaidi ya saa sita, au kuhamishiwa hospitali kubwa, walikuwa 79 upande wa dawa na 119 upande wa plasebo, yaani asilimia 11 dhidi ya 16. Dozi nzima iligharimu takriban dola 4 za Marekani. Bila shaka hizi ndizo hesabu zilizomfikia shemeji yako.

Sasa tuzisome hesabu hizo polepole, kwa sababu humo ndimo mlimo na kiini cha swali lako. Sehemu kubwa ya tofauti ile ilitokana na kukaa katika kituo cha dharura kupita saa sita, kipimo ambacho kinategemea pia utaratibu wa kituo, wingi wa wagonjwa siku hiyo na uamuzi wa mganga aliye zamu. Waliofariki walikuwa 17 upande wa dawa na 25 upande wa plasebo. Kwa idadi ya watu kama hiyo, tofauti hiyo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Wapo walioshika hesabu nyingine ya kuvutia zaidi, kwamba miongoni mwa waliomeza zaidi ya asilimia 80 ya vidonge vyao alifariki 1 upande wa dawa na 12 upande wa pili. Hesabu hiyo ina mtego. Watu wengi zaidi upande wa fluvoksamini walishindwa kuendelea na vidonge, kwa hiyo makundi yaliyobaki hayakuwa tena yale yaliyogawanywa kwa kura, na kuyalinganisha kunaturudisha kulekule kwenye uwanja wa farasi.

Desemba 2021 David Boulware wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambaye ni daktari na mtafiti wala si mwakilishi wa kampuni ya dawa, aliiomba FDA iruhusu dawa hiyo itumike kwa dharura. Tarehe 16 Mei 2022 FDA ilikataa, na ikachapisha waraka wa kueleza sababu zake, ambazo nyingi ni hizo nilizokwisha kuzitaja. Julai mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani nalo likashauri kwamba wagonjwa wasio mahututi wasipewe fluvoksamini isipokuwa ndani ya jaribio la kitabibu.

Hata hivyo, kilichoamua jambo hili, kwa mtazamo wangu, ni majaribio yaliyofuata kuliko barua za mamlaka. Jaribio la pili la Lenze na Reiersen, lililofika watu 547 Marekani na Kanada, lilisimamishwa kwa kuwa halikuelekea kuonyesha tofauti yoyote. Jaribio la COVID-OUT, lililotangazwa Agosti 2022 na lililopima pia metfomini na ivamektini, halikuona faida ya fluvoksamini kwa dozi ya miligramu 50 mara mbili kwa siku. Jaribio la ACTIV-6 nalo halikuona faida kwa dozi hiyo ndogo. Watetezi wa dawa walisema, na walikuwa na haki ya kusema, kwamba dozi iliyopimwa ilikuwa nusu ya ile ya Brazil. Basi ACTIV-6 ikarudia kwa watu zaidi ya 1,100, safari hii kwa miligramu 100 mara mbili kwa siku, na matokeo yakatangazwa Novemba 2023: waliomeza dawa na waliomeza plasebo wote walipona kwa muda wa kati wa siku 10, yaani nusu ya kila kundi ilikuwa imepona kufikia siku hiyo.

Je, ilizimwa kwa sababu ni rahisi? Sioni ushahidi wa hilo. Deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, ni rahisi vilevile, ni ya zamani kuliko fluvoksamini, na katikati ya mwaka 2020 ilipoonyeshwa na jaribio la RECOVERY la Uingereza kwamba inapunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa wanaopumulia mashine, na kwa takriban moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni, hospitali za dunia nzima ziliipokea ndani ya majuma machache. Nakubali kwamba dawa ambayo hataza yake imekwisha haina kampuni ya kuipigania, na kwamba huo ni upungufu halisi wa mfumo wa dawa duniani ambao serikali zinapaswa kuuziba kwa fedha za umma. Lakini fluvoksamini ilizipata fedha hizo. ACTIV-6 iligharimiwa na serikali ya Marekani.

Yawezekana kwamba dawa hii iliwasaidia kidogo watu ambao hawajachanjwa, walioambukizwa aina za virusi zilizokuwapo mwaka 2021, na kwamba faida hiyo haikuonekana baadaye kwa sababu wengi walikuwa wamechanjwa au wamekwisha kuugua na hivyo wachache mno walizidiwa. Siwezi kuliondoa wazo hilo. Ila daktari anayemtibu mgonjwa wa leo anatibu maambukizi ya leo, na kwa hayo ushahidi uliopo hauungi mkono dawa hii.

Daktari, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Naomba kueleweshwa ni kwa njia gani dawa inayofanya kazi katika ubongo inaweza kuhusiana na virusi vilivyo mapafuni. — Mwanafunzi, Dodoma

Mwanangu, swali lako ni zuri, na jibu lake linaanza na jambo ambalo hufundishwa mapema lakini husahauliwa upesi: dawa ikishaingia katika damu haichagui ubongo peke yake. Fluvoksamini na dawa za kundi lake, kama fluoksetini na setralini, huzuia serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli, isirudishwe ndani ya seli zilizoitoa. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko tumboni, na ile inayosafiri katika damu hubebwa na chembe zinazosaidia damu kuganda. Dawa za kundi hili huzipunguzia chembe hizo akiba ya serotonini, ndiyo maana watumiaji wake huonywa kuhusu kutokwa na damu, na ndiyo maana pia watafiti walidhani kwamba zingeweza kuzuia mabonge ya damu kwa wagonjwa wa UVIKO-19.

Njia ya pili ni kipokezi kiitwacho sigma-1, kilichomo ndani ya seli, ambacho husaidia kudhibiti utengenezaji wa kemikali zinazochochea kinga. Miongoni mwa dawa za kundi lake, fluvoksamini ndiyo inayokishika kwa nguvu zaidi. Huu ndio mlango ambao utafiti wa panya wa mwaka 2019 uliufungua.

Ya tatu inahusu kimeng'enya ambacho hubadilisha mafuta ya utando wa seli na hivyo kuvirahisishia virusi kuingia. Watafiti wa Essen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2020 kwamba fluoksetini, pamoja na dawa nyingine kadhaa za sonona, hukizuia kimeng'enya hicho, na kwamba seli zilizotibiwa hivyo haziambukizwi kwa urahisi.

Lakini hapa nataka uwe mwangalifu kuliko wengi waliokutangulia. Mwaka 2021 kundi la watafiti akiwemo Brian Shoichet wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilichunguza dawa nyingi zilizotangazwa kuwa zinaua virusi vya korona katika maabara, na likagundua kwamba nyingi kati yake zina umbo la kemikali linalofanana, na kwamba zinachokifanya ni kuyavuruga mafuta ndani ya seli. Virusi hushindwa kuzaliana kwa sababu seli yenyewe imevurugika. Panya walipopewa baadhi ya dawa hizo, virusi havikupungua kwa kiasi cha maana. Dawa nyingi za sonona zina umbo la namna hiyo. Ukisoma kwamba dawa fulani imeua virusi katika seli za maabara, uliza kwanza ni kiasi gani kilichotumika, na kama kiasi hicho kinaweza kufikiwa katika damu ya mtu bila kumdhuru.

Daktari, sisi wa huku Beni tumepitia Ebola. Nilisoma kwamba dawa ya sonona iitwayo setralini iliponya panya wenye Ebola. Kwa nini wagonjwa wetu hawakupewa? — Msomaji wa Kivu Kaskazini

Ndugu yangu, nakupa pole wewe na wenzako kwa yaliyowapata. Utafiti uliousoma upo. Ulichapishwa mwaka 2015: watafiti walipima maelfu ya dawa zilizokwisha kuidhinishwa kwa matumizi mengine, na setralini ilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri, panya 7 kati ya kila 10 waliopewa walinusurika. Hata hivyo panya hao hupewa virusi vilivyozoeshwa mwili wa panya, na dawa nyingi zinazowaponya hazifui dafu kwa wanyama wakubwa, seuze kwa binadamu.

Wagonjwa wa mkoa wako walipata kitu kilichopimwa kwa ukamilifu zaidi. Jaribio la PALM, lililofanyika nchini mwenu tangu Novemba 2018 hadi Agosti 2019 chini ya uongozi wa Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi yake ya INRB ya Kinshasa, lililinganisha dawa nne kwa wagonjwa 681. Mbili zilishinda kwa uwazi kiasi kwamba jaribio lilikatishwa ili kila mgonjwa apewe mojawapo. Vifo kwa dawa hizo vilikuwa takriban theluthi moja ya wagonjwa, ilhali kwa nyingine mbili vilikuwa karibu nusu. Moja ya dawa hizo mbili, iitwayo mAb114, ilitokana na kingamwili za mtu aliyenusurika Ebola huko Kikwit mwaka 1995, kwa hiyo Kongo haikuchangia wagonjwa tu, ilichangia dawa yenyewe. Iliyoshindwa mojawapo ilikuwa remdesiviri, ambayo baadaye ilipewa nafasi nyingine na kutumika kwa UVIKO-19.

Kuhusu setralini, liko funzo la karibu nasi ambalo ningependa lijulikane zaidi, ingawa linahusu kuvu na si virusi. Nchini Uganda, homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu aina ya kriptokoka huwaua watu wengi wanaoishi na VVU. Maabara zilionyesha kwamba setralini huua kuvu huyo, na utafiti wa awali kwa wagonjwa ulitia matumaini. Jaribio kamili likafanyika Kampala na Mbarara kwa wagonjwa 460, wote wakipata matibabu ya kawaida, na nusu yao wakiongezewa setralini. Baada ya majuma 18 walikuwa wamefariki asilimia 52 ya waliopewa setralini na asilimia 46 ya waliopewa plasebo. Miongoni mwa watafiti wake alikuwamo Boulware yuleyule niliyemtaja juu. Madaktari waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa mahututi kila siku walikuwa na kila sababu ya kuitoa dawa hiyo mapema kwa kila mtu, kwa kuwa ilikuwapo, ilikuwa rahisi, na maabara ilikuwa imeisifu. Kama wangefanya hivyo bila kupima, hadi leo wangekuwa wanaitoa.

Mimi natumia setralini kwa ushauri wa daktari wangu na inanisaidia. Je, inanikinga na korona? Na nikiambukizwa, niiache? — Mama wa watoto wawili, Mombasa

Dada yangu, usiiache. Kuikatiza dawa hii ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi, wasiwasi na hisia kama za umeme kichwani, na zaidi ya hayo sonona yenyewe inaweza kurudi wakati mwili wako unahitaji nguvu. Ukiugua, endelea na dozi yako na umjulishe anayekutibu.

Ama kinga, usiitegemee. Ni kweli kwamba watafiti wa Ufaransa waliopitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 7,000 waliolazwa katika hospitali za Paris na viunga vyake waliona kwamba waliokuwa wakitumia dawa za sonona walizidiwa au kufariki kwa uchache zaidi. Hizo ni kumbukumbu tu, hapakuwa na kura, na nimekwisha kueleza udhaifu wa ushahidi wa namna hiyo. Chanjo zako ziwe kamili kama vile usingekuwa unatumia dawa yoyote.

Shikamoo Daktari. Baba yangu ana pumu na anatumia theofilini. Jirani yetu ametupa vidonge vya fluvoksamini alivyoletewa kutoka nje, akisema ni vizuri kwa mafua makali na korona. Tunaweza kumpa? — Kijana wa Unguja

Marahaba mwanangu. Msimpe hata kimoja. Fluvoksamini hukizuia kwa nguvu kimeng'enya cha ini kinachoiondoa theofilini mwilini; zikikutana, theofilini hujilimbikiza katika damu, na mgonjwa anaweza kutapika, moyo ukaenda mbio bila mpangilio, hata akapata degedege. Kafeini huondolewa kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo hata kahawa ambayo mzee ameizoea ingemkaa mwilini kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ziko pia dawa ambazo zikichanganywa nayo huleta hatari nyingine, kama wafarini ya kuzuia damu kuganda, tizanidini ya kulegeza misuli, na tramadoli ya maumivu ambayo imeenea mno mitaani.

Kama baba amekwisha kumeza, mpelekeni kituo cha afya leo hii, mkiwa na pakiti za dawa zote mbili mkononi, na mseme alimeza vingapi na saa ngapi. Kama hajameza, vidonge hivyo vipelekeni kwa mfamasia aliye karibu aviharibu, na jirani mwambieni kwa upole sababu yake, maana huenda amewagawia na wengine. Baba akipata homa na kifua kumbana kupita kawaida yake, apimwe mapema. Mtu mwenye pumu akipungukiwa na pumzi hafai kusubiri nyumbani hadi asubuhi.